Kitalu Kisicho na Jirani

Mwaka ule nilisikia mwano wa mwanamke ambaye malisho yake yalikuwa yanaungua, na watu karibu wote niliokuwa nimeketi nao mkekani wakaendelea kula. Mwano ni sauti ya Wasukuma ya kuomba msaada, ndefu na ya juu, na sheria yake ni moja: ukiisikia, unaacha ulichoshika unakimbilia inakotoka. Ulikuwa mchana kweupe, mwezi wa tisa, na upepo ulikuwa unavuma. Mama Shija, mwenyeji wangu, alinisogezea bakuli la mlenda akasema, "Kula, mayu," yaani mama, "ugali unapoa." Moshi tulikuwa tunauona wote.

Nimeyarudia haya tangu mwezi uliopita, nilipokwenda Shinyanga mjini kumzika Dakta Kamugisha. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba yake na ya pili, na wazungumzaji walipokezana kipaza sauti wakieleza jinsi marehemu alivyoleta hesabu za kisasa kwenye misitu ya vijiji. Mmoja alisema marehemu aliweza kuiambia kompyuta iupangie msitu mzima mavuno ya miaka kumi na mitano wakati yeye anakunywa chai. Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani cha kushukuru kupumzika kulia. Ni kweli aliweza, nilimwona akifanya hivyo. Wakati huo mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma yangu aliinama akaninong'oneza, "Shikamoo, dada Neema. Huwezi kunikumbuka. Mimi Doto, wa Mama Kulwa." Nikaitikia marahaba huku moyo umeshatoka pale turubaini. Alikuwa amekuja kutoka Kagongwa, ana mashine ya kukoboa mpunga pale, na mikono yake bado ilikuwa na vumbi jeupe la pumba kwenye mikunjo. Alikuja kumzika Dakta, na alikuwa na ombi kwangu. Ombi lenyewe nitalifikia.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha misitu, sijui kitu zaidi ya kupima unene wa mti na kusoma kifaa cha setilaiti kinachoonyesha mahali ulipo. Dakta Kamugisha alikuwa mwalimu wa hesabu, Mhaya mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alinichukua nikamsaidie katika kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Tulipewa vyumba viwili nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende. Changu kilikuwa na magunia ya mpunga mpaka darini, na nililala katikati yake kama gunia mojawapo. Chake kilikuwa na meza, kompyuta ya mkononi, na betri ya gari iliyochajiwa na sola juu ya bati. Asubuhi Mama Shija, mke wa mwenyekiti, alitupa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, amevipika na karanga, na maziwa ya mgando pembeni. Mchana ilikuwa ugali wa mahindi na muhogo, mlenda, na dagaa. Tulikula mkekani chini ya kivuli cha nyumba, wanaume upande mmoja na wanawake mwingine, lakini karibu kiasi kwamba kila upande ulisikia wa pili ukisema nini, na ndivyo kila mmoja alivyokusudia.

Kilichotuleta ni matimba. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu wanapoteremka duarani, yaani kwenye mashimo yao, kuta za shimo hushikiliwa na magogo, na magogo hayo ndiyo matimba. Pasipo matimba shimo linawafukia. Wanunuzi walikuwa wamemaliza miti ya vijiji vya karibu na sasa malori yao yalianza kuingia kwetu. Kijiji kilikuwa na ngitili, maeneo ya majani na miti ambayo kila kaya hufunga yake wakati wa mvua ili kiangazi ng'ombe wapate malisho, na humo ndani miti ilikuwa imekomaa. Kila kaya ingeuza inavyotaka, msitu ungekwisha misimu miwili. Dakta alikuja na mpango: kila ngitili iwe kitalu, na vitalu vikatwe kwa zamu, lakini vitalu viwili vinavyopakana visikatwe ndani ya miaka mitatu. Sababu yake si ngumu. Ukikata miti, matawi yanabaki chini yanakauka. Kitalu kimoja kikishika moto, kijani cha jirani kinauzima. Vikikatwa kwa pamoja, moto haukutani na kitu cha kuuzuia.

Aliwaeleza watu darasani, kwenye shule ya msingi, kwa vizibo vya soda vilivyopangwa juu ya dawati. "Ukila hiki mwaka huu," alisema, "hiki cha ubavuni hakiliwi mpaka zamu yake. Sasa kuna njia nyingi mno za kupanga zamu, hata tungekaa hapa mpaka tuzeeke tusingezimaliza. Kompyuta inazipitia, inatafuta ile inayowapa matimba mengi kuliko zote bila kuvunja sharti."

"Sasa Dakta," mzee mmoja akauliza, "kwenye drafti hii kingi ni nani?"

"Kingi si mnunuzi wa Nyarugusu!" akadakia mwingine kutoka nyuma. "Anakula mbele, anakula nyuma."

Darasa likaangua kicheko. Mzee Luhende akainua mkono. "Mchezeeni taratibu Mhaya wetu. Huku hakuna ndizi, atatukimbia."

Kisha Dakta akafanya kitu alichojivunia. Hakutaka kutegemea karatasi za wilayani, kwa sababu alikuwa ameona mipango mingi ikifa kwa kuchorwa na watu wasiokijua kijiji. Na ramani yangu haikuwa tayari, nilikuwa bado naizunguka mipaka kwa mguu. Kwa hiyo aliomba kila mwenye kitalu asimame, ataje jina lake, na ataje jirani zake. Yeye akaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Watu walifurahi kuulizwa. Walisimama mmoja mmoja, wakataja kwa sauti, na waliotajwa wakaitikia kwa kichwa kama watu wanaosalimiwa. Lilipofika jina la Mama Kulwa, hakuwapo. Dakta akaacha nafasi yake wazi, akiamini kwamba majirani zake wangemtaja wao. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha na niliona kitu kidogo tu, kwamba jina lile liliposomwa wanawake wa benchi la mbele walitazama mapajani.

Matokeo yalitoka mwezi wa nne, na ramani yangu ikakamilika siku zilezile. Niliipaka rangi, nyekundu kwa vitalu vya mwaka wa kwanza, na nilipoitundika ukutani ilionekana vizuri, madoadoa mekundu yaliyotawanyika kama ya ndege kanga. Isipokuwa upande wa kusini. Pale palikuwa na doa moja kubwa, vitalu vitano vyekundu vimeshikana, na cha katikati kilikuwa cha Mama Kulwa. Nilimwita Dakta. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akakaa kwenye kompyuta. "Kimekuwa kisiwa," alisema baada ya muda. "Hakina jirani hata mmoja. Na hivi vinne vinavyokizunguka havigusani vyenyewe kwa vyenyewe, vinagusana nacho tu. Kwa mashine hakuna sharti lolote lililovunjwa." Alicheka kidogo, kwa namna ya mtu aliyekuta kosa la uandishi. Nilielewa baadaye kwamba kompyuta ilikuwa imefanya ilichoagizwa. Ilitafuta mahali ambapo sharti halikubana, ikabebesha hapo kila ilichoweza.

Mchana tulipokuwa tunakula Dakta aliuliza, kama mtu anayeomba chumvi. "Mwenyekiti, Mama Kulwa anapakana na akina nani?"

"Hapakani na mtu," Mzee Luhende akajibu.

"Haiwezekani. Ardhi yake inaishia wapi?"

"Inaishia kwake."

Ni Mama Shija aliyenieleza jioni jikoni, akichochea moto, bila kunitazama. Mama Kulwa alikuwa mjane mwenye watoto mapacha. Usiku mmoja wezi wa ng'ombe walikuja, mwano ukapigwa, kila kaya ikatoa mtu. Yeye hakutoka. Kulwa alikuwa na degedege na alikuwa amemshikilia mikononi. Sungusungu, jeshi la ulinzi la kijiji, walimtaka aombe msamaha mbele ya mkutano. Akasema hawezi kuomba msamaha kwa kushika mtoto. Basi wakamtenga. Hasalimiwi, hapewi moto, haazimwi jembe, na anayevunja miko hiyo anatengwa naye. "Dakta aliuliza jirani," alisema Mama Shija. "Kwetu jirani si mtu wa mpakani. Jirani ni yule ambaye ukipiga mwano anatoka, na yeye akipiga unatoka. Sasa nani angesimama pale darasani amtaje?"

Mimi na Dakta tulikuwa wageni, kwa hiyo tuliruhusiwa kumwona. Nilikwenda kupima miti yake. Nilipiga hodi kwa sauti ya kawaida na akatoka haraka, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili. "Usiniamkie kwa sauti, mayu," alisema. "Watakusikia, halafu utakosa mtu wa kula naye." Alinikaribisha ndani. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko zote nilizoziona kijijini, na sababu ilikuwa ya kusikitisha, kwamba hakuna aliyeingia kuichafua. Doto alikuwa anafanya hesabu za shule sakafuni. Mama Kulwa alinipa maziwa na kuniuliza mambo mengi mfululizo, bei ya sukari Kharumwa, nani amejifungua, nani amefariki, na nilitambua kwamba alikuwa anasikia vilio na vigelegele bila kujua ni vya nani. Alikuwa na ng'ombe wachache na ngitili aliyoachiwa na mumewe, basi. Miti alikubali iuzwe. Lakini majani aliyahitaji, bila hayo ng'ombe wasingevuka kiangazi. Nilipokuwa naondoka aliuliza, "Kwenye hiyo mashine yenu, mimi nimo?"

"Umo, mama."

"Na majirani wangu wamo?"

Niliinama nikakunja kamba yangu ya kupimia. Akacheka, akapiga kofi la mkono kwa mkono. "Hata mashine!"

Mtu anayesoma haya atauliza kwa nini Dakta asingeandika tu majirani wale wanne mwenyewe, ramani ikiwa ukutani. Aliandika. Nilikaa pembeni yake. Akaiambia kompyuta ipange upya, na mpango mpya ukatoka sahihi, wenye matimba machache kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sharti likiongezeka mavuno hupungua, ndivyo hesabu ilivyo. Lakini mpango ulikuwa wa kijiji, ulihitaji kupitishwa na mkutano, na mnunuzi alikuwa ameshaonyeshwa wa kwanza. Mwezi wa tano tukarudi darasani.

"Sisemi mnaongea naye," Dakta alianza. "Sisemi mnasaidiana. Nauliza ardhi tu. Nani ardhi yake inagusa ya Mama Kulwa?"

Hakuna aliyesimama. Akamgeukia Magadula, mwanaume wa makamo ambaye uzio wake wa minyaa ulikuwa ndio uzio wa yule mama, mmea mmoja kwa wote wawili. "Magadula, wewe je?"

"Mimi napakana na njia."

"Njia gani?"

"Njia."

"Ile ya mbuzi?" mtu akauliza, na watu wakacheka.

"Sawa, njia," Dakta akasema. "Na ng'ambo ya njia?"

Magadula akatazama dari. "Ng'ambo ya njia sijawahi kwenda."

Kicheko kiliongezeka, na hata Dakta alitabasamu bila kutaka. Nilimwona Magadula hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua ukingo wa kofia yake. Mzee Luhende ndiye aliyefunga mjadala, kwa upole kabisa. "Dakta, andika unavyotaka. Lakini ukiandika wewe, huo si mpango wa kijiji. Ni mpango wako, na wewe utaondoka. Malori hayataondoka."

Tulirudi nyumbani. Dakta alikaa kwenye mlango wa chumba chake, nami nilikuwa nachambua mchicha na Mama Shija hatua chache kutoka pale. Alisema, kwa Kiswahili chake cha darasani, kwamba akigoma mpango unakufa, na mpango ukifa msitu wote unakatwa, pamoja na kitalu cha yule mama. Akikubali, msitu unapona isipokuwa upande mmoja. "Ukiweka kwenye mizani, jibu linajulikana," alisema. Mama Shija akamjibu bila kuacha kuchambua, "Kama linajulikana, mbona unalisema mara tatu?" Siku ya pili yake Dakta alitia sahihi mpango wa kwanza. Nimefikiri juu ya sahihi ile kwa miaka mingi na bado sijampata mtu anayenionyesha jibu jingine ambalo lisingekuwa na mtu wa kuumia. Hilo halijanipa amani. Limenifanya tu nisipende watu wanaolizungumzia kwa haraka.

Walikata mwezi wa sita na wa saba. Sehemu nyingine za kijiji mpango ulikwenda kama ulivyoandikwa, na mpaka leo ukipita kule utaona miti. Upande wa kusini ukawa uwanja, visiki na matawi makavu kutoka mwanzo wa macho mpaka mwisho, na katikati yake nyumba moja safi. Ng'ombe wa Mama Kulwa walikula majani yaliyobaki kati ya matawi.

Moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa anafukiza nyuki ili arine asali. Hilo lilijulikana baadaye. Sisi tuliona moshi kwanza, kisha tukasikia mwano. Uliinuka, ukakatika, ukainuka tena. Mama Shija akasema yale maneno ya ugali kupoa, lakini niliona mkono wake ulioshika tonge ulikuwa umesimama hewani na haukwenda mdomoni wala haukushuka. Mzee Luhende alikuwa anatafuna. Dakta alinyanyuka kwanza. Hakunawa, alikimbia na viatu vyake vya ngozi, mtu mzima asiyewahi kukimbia, na mimi nikamfuata. Tulipita kwenye nyumba za watu. Waliketi nje, wanaume na wanawake, wametazama upande wa moshi, na hakuna aliyetuita wala kutuzuia. Kwa Magadula, mkewe alikuwa amesimama kwenye uzio wa minyaa na ndoo ya maji iliyojaa, na alisimama hivyohivyo muda wote, na ndoo.

Tulikuwa wanne. Mama Kulwa, Dakta, mimi, na Doto aliyekuwa amebeba beseni kubwa kuliko yeye. Kulwa alikuwa amewaswaga ng'ombe kuelekea mtoni. Tulipiga moto kwa matawi mabichi, ila matawi mabichi yenyewe yalikuwa haba, na hilo ndilo lililokuwa maana ya lile sharti, nikalielewa kwa mikono. Nyumba tuliiokoa. Majani yote yalikwenda, na visiki ambavyo vingechipua viliungua mpaka kwenye mizizi. Jua lilipoanza kushuka Mama Kulwa aliketi chini, uso mweusi kwa masizi, akamtazama Dakta ambaye miwani yake ilikuwa imekatika ule uzi. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa ule mwano. "Wabeja," alisema, asante. Dakta aligeuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Kiangazi kile ng'ombe wake walikufa karibu wote. Mimi niliondoka kabla ya mvua. Dakta aliendelea na kazi yake kwenye mambo mengine, ratiba za mabasi, maghala ya pamba, na nilipokutana naye mara chache alizungumzia hayo. Miaka mingi baadaye nilisikia sungusungu walikuwa wamemwondolea Mama Kulwa adhabu, na nikachukulia kwamba jambo limekwisha.

Haya ndiyo Doto aliyonieleza pembeni ya turubai, tumeshika sahani za wali. Mama yake alifariki mwaka jana. Kulwa yuko mbali na hataki ardhi. Yeye anaitaka, ameanza kupanda miti pale, na ameomba hati ya kimila. Kamati ya ardhi ya kijiji ikija kupima, kila anayepakana na ardhi ile anatakiwa kusimama mpakani na kusema kwa mdomo wake kwamba huu ndio mpaka wetu. Wasiposema, upimaji unaahirishwa, na ulishaahirishwa mara mbili. Mzee Luhende ameshafariki, Magadula pia. Waliopo ni watoto wao. "Adhabu ilishafutwa," Doto alisema, "lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuanza."

"Ramani yangu ninayo," nikamwambia. "Nitakutumia."

"Ramani wanayo. Nilitaka uje usimame."

"Doto, mimi si jirani."

"Mama alikuwa anasema ana majirani wawili," akajibu, akatazama upande lilikokuwa jeneza. "Mmoja ndiye huyo tunamzika."

Kamati inakwenda Alhamisi. Nimeomba ruhusa kazini na nitakuwepo, ingawa nikisimama pale sitahesabika. Leo asubuhi Doto amenipigia simu. Kati ya wale wanne, amejibu mmoja tu, mtoto wa Magadula. Amesema ardhi yake inapakana na njia.